Baba ametimiza miaka 61: je, chakula cha Nairobi kinatupunguzia maisha?

Swali: Habari daktari. Ninaishi Umoja na mume wangu, baba yangu mzazi, ndugu yangu mdogo na mtoto wangu wa miezi kumi. Nilisikia redioni kwamba mwanamume Mkenya huishi miaka 60 na kitu. Baba alitimiza 61 mwezi jana, na tangu hapo anatutania kwamba sasa anacheza dakika za majeruhi. Babu yake huko Siaya alipita miaka 90 akila kuon (ugali) ya mtama, samaki na mboga za kienyeji. Je, ni chakula chetu cha mjini kinachotuua mapema, au ni magonjwa? Nibadilishe nini jikoni? Halafu ndugu yangu ameanza dawa za TB wiki hii. Tumemtengea sahani na kikombe chake. Tunafanya sawa?

Jibu: Dada, mwambie mzee atulie, hiyo nambari haimpimi yeye. Sensa ya 2019 ilikadiria wastani wa umri wa kuishi kuwa miaka 60.6 kwa wanaume na 66.5 kwa wanawake, lakini hesabu hiyo huanzia siku mtu anapozaliwa. Chukua watoto kumi. Mmoja afariki akiwa na mwaka mmoja, tisa waliobaki wafike sabini kila mmoja. Jumlisha miaka yote, gawanya kwa kumi: unapata 63, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa akiwa na miaka 63. Vifo vya watoto na vya vijana ndivyo vinavyoivuta nambari ya nchi nzima chini. Aliyekwisha kuvuka hatari hizo anahesabiwa upya, na Mkenya aliyefika miaka 60 bado ana, kwa wastani, zaidi ya miaka 15 mbele yake. Ataitumia miaka hiyo akipanda matatu mwenyewe, au akilishwa kwa kijiko baada ya kiharusi? Hilo jikoni kwako pana usemi mkubwa.

Kuhusu chakula au magonjwa: ukiuliza nini kilichoipandisha na kuishusha nambari ya Kenya, ni magonjwa, tena bila ubishi. Katikati ya miaka ya 1980 wastani ulikuwa unakaribia miaka 60. Kufikia mwaka 2000 ulikuwa umeanguka hadi hamsini na kidogo. Katika miaka hiyo hakuna aliyebadilisha ugali. Kilichoingia ni virusi vya UKIMWI, vilivyogunduliwa nchini 1984 na kutangazwa janga la kitaifa mwaka 1999, na TB ikafuata nyuma yake kama kawaida yake. Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya kilichopo Nairobi, wanaofuatilia wakazi wa mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta kwamba katika miaka ya 2003 hadi 2005 takriban nusu ya miaka ya maisha iliyopotea kwa watu wa umri wa miaka mitano kwenda juu mitaani humo ilichukuliwa na UKIMWI na TB. Mtu wa miaka 30 akifa, inapotea karibu miaka 40. Mtoto akifa ni zaidi ya sitini. Kiharusi kinachomchukua mtu wa miaka 65 kinaumiza familia vilevile, ila kwenye hesabu ya taifa kina uzito mdogo zaidi.

Nambari ilianza kupanda tena ARV zilipotolewa bure katika hospitali za umma, na chanjo zilipoongezwa: ile ya nimonia 2011, ya rotavirusi inayozuia kuhara kukali 2014. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 115 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa katika utafiti wa kitaifa wa 2003. Katika ule wa 2022 vilikuwa 41. Niseme hapa kwa sababu Nairobi imejaa wauzaji wa poda za majani: hakuna lishe inayochukua nafasi ya ARV. Anayezitumia anahitaji kula vizuri, na anahitaji kuzimeza.

Chakula kinafanya kazi yake nyuma ya pazia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya vifo vya watoto chini ya miaka mitano vinahusiana na utapiamlo. Cheti huandikwa kuhara, surua au nimonia, lakini mtoto aliyeshiba vizuri angeugua ugonjwa uleule akapona. Ndiyo maana kushuka kwa udumavu ni habari kubwa kuliko magazeti yalivyoipa nafasi: kutoka watoto 35 kati ya 100 mwaka 2008-09 hadi 18 mwaka 2022.

Sasa huyo babu wa Siaya. Mnamkumbuka kwa sababu aliishi. Ndugu zake waliokufa wachanga kwa surua au malaria hawasimuliwi kwenye matanga, kwa hiyo kila familia ina mzee mmoja wa miaka tisini na haina hesabu ya wale wengine. Siwezi kukuambia kwamba chakula chake ndicho kilichomfikisha huko. Lakini kuna jambo moja ambalo hadithi yenu ya familia imelipatia, nalo ni presha.

Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini (jina la kikoloni la sehemu ya Nyanza), alichapisha vipimo vya presha vya watu wa huko, na presha yao haikuwa ikipanda na umri kama ilivyokuwa kwa Wazungu. Nusu karne baadaye, katika miaka ya 1980, Neil Poulter na wenzake waliwafuata Waluo waliohama vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria kuja kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Ndani ya miezi michache tu presha ya waliohama ilikuwa imepanda. Uzito pia ulikuwa juu, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi kulinganisha na potasiamu. Hao walikuwa watu wa damu ileile, wengi wao vijana. Kilichobadilika ni sufuria na maisha yanayoizunguka.

Sodiamu ndiyo inayokaa ndani ya chumvi. Inashika maji mwilini na kukaza mishipa. Potasiamu hufanya kinyume, nayo imo kwenye maharagwe, ndengu, sukuma, managu, kunde, ndizi, viazi na parachichi. Mtu akihamia mjini anaongeza ya kwanza na kupunguza ya pili kwa mara moja: mkate badala ya nduma, chipsi za kibandani, sukuma kiganja kimoja pembeni ya mlima wa ugali. Hata kiungo cha kulainishia mboga kimegeuka. Majivu ya maganda ya maharagwe ambayo wazee walichujia maji ya kupikia mboga yana potasiamu kwa wingi. Magadi tunayonunua sokoni ni sodiamu, tena yanaharibu baadhi ya vitamini za mboga. Githeri inalainika bila magadi ukiloweka mahindi na maharagwe usiku kucha na kumwaga maji ya kulowekea.

Kiwango kinachopendekezwa ni chumvi isiyozidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukijumlisha na ile usiyoiona. Hakuna anayepima kila mlo, kwa hiyo pima pakiti. Nyumbani kwenu mko watu wazima wanne. Gramu 5 mara nne ni gramu 20 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo inafaa iwafikishe siku 25 hata kama hamli chumvi nyingine yoyote. Kwa kuwa mnakula mkate, soseji na vya kununua, lengeni ipite mwezi mzima. Andika tarehe kwa kalamu juu ya pakiti siku unapoifungua. Ikiisha baada ya wiki mbili, kila mmoja wenu anakula karibu gramu 9 kutoka jikoni pekee, na sijahesabu smokie pasua ya jioni pale steji.

Chumvi isiyoonekana iko wapi? Kwanza kwenye vile viungo vya mchuzi vya pakiti na vya mchemraba, ambavyo nusu ya uzito wao au zaidi huwa ni chumvi yenyewe. Kosa ninaloliona sana ni mpishi kutia chumvi kwanza, halafu mchemraba, kisha kuonja na kuongeza. Ukitumia mchemraba, usitie chumvi kabisa. Pili ni ile chungu ya chumvi pembeni ya ubao wa nyama choma. Tatu ni kibakuli cha chumvi mezani: katika utafiti wa kitaifa wa 2015, karibu mtu mmoja kati ya wanne alisema huongeza chumvi kila mara au mara nyingi kabla ya kula au anapokula. Kiondoe mezani bila kutangaza. Ndani ya jikoni punguza robo ya kiasi chako cha kawaida kwa wiki mbili au tatu, kisha robo nyingine. Ulimi huzoea pole pole, na ukipunguza nusu siku moja mzee ataagiza chakula nje. Ndimu, dania, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya zilizokaangwa hadi zikakauka maji zinafunika pengo. Endelea kununua chumvi yenye madini ya joto (iodini) na uitie karibu na mwisho wa kupika.

Kwenye sahani yenyewe, ugali uchukue robo, maharagwe, samaki au nyama robo, na nusu iliyobaki iwe mboga. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa nyumba nyingi, maana mboga ya shilingi chache haijazi tumbo la mtu aliyefanya mjengo mchana kutwa. Baba yako hafanyi mjengo. Sahani ya mumeo na sahani ya baba si lazima zilingane, ingawa adabu zetu hutaka mzee apewe mlima mkubwa zaidi. Mboga ioshwe ikiwa majani mazima, ikatwe baadaye, ipikwe dakika chache na maji yake yasimwagwe, kwa sababu potasiamu hutoka na maji hayo. Tahadhari moja: kama mzee ana ugonjwa wa figo, potasiamu inahitaji mpango wa daktari, na usimpikie kwa maelezo haya.

Sukari nitapita haraka. Kiwango cha juu ni gramu 50 kwa siku, na bora zaidi ni 25, ambazo ni vijiko sita vya chai. Kikombe cha chai chenye vijiko vitatu mara tatu kwa siku kinakupeleka gramu 36, na soda ya nusu lita peke yake hupita 50. Kwa watu wazima wanne pakiti ya kilo mbili isipungue siku 20. Chai yenyewe haina ubaya, ila isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu hushika madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga; mwache mtu amalize mlo, chai ije baada ya saa moja. Na iache ipoe kidogo: mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliorodhesha vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kama vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, na saratani hiyo si ngeni Kenya.

Hata ukipika vizuri namna gani, presha ya baba haitajulikana bila mashine. Mtu huwa na 180 akajisikia mzima kabisa. Kuumwa kichwa si kipimo. Katika utafiti wa 2015, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa maishani. Sasa kisingizio kimepungua: tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii, wale CHP wanaopita nyumba kwa nyumba, walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Muulize mwenyekiti wa ploti ni nani anayehudumu upande wenu.

Upimaji mbovu huleta majibu mabovu. Mzee aende haja ndogo kwanza, asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa iliyopita. Aketi dakika tano mgongo ukiegemea, miguu yote miwili chini bila kupishana, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, usifungwe juu ya sweta. Asiongee. Apimwe mara mbili kwa kupisha dakika moja hivi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa nambari kubwa ya uongo. Ikifika 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, hiyo ni presha na inatibiwa. Ikifika 180/110, apelekwe siku hiyohiyo. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2002, uliojumlisha takwimu za watu wapatao milioni moja, ulionyesha kwamba kwa wenye umri wa miaka 40 hadi 69, kuanzia 115 kwenda juu, kila nambari ya juu inapoongezeka kwa 20, hatari ya kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa moyo huwa mara mbili. Kwa maana hiyo kuishusha kutoka 160 hadi 140 kuna faida kubwa, hata kama bado hajafika anapotakiwa.

Akiandikiwa dawa, ajue ni za kila siku. Wengi hupimwa, wakakuta imeshuka, wakaacha dawa, na miezi michache baadaye tunakutana nao wodini mdomo umepinda upande mmoja. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Halafu angalia zile tembe za mgongo na magoti anazonunua kemisti: diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kuchosha figo, na wazee wa Nairobi huzimeza kama njugu. Kama anavuta sigara, hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa, kabla hata ya hesabu ya chumvi. Tumbo nalo lipime kwa kamba: chukua kamba yenye urefu wake kutoka utosini hadi kisiginoni, ikunje katikati iwe nusu, izungushe kiunoni. Isipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi na apimwe sukari. Kabla ya kula asubuhi, 7.0 au zaidi ikirudiwa ikawa vilevile ni kisukari.

Sasa mahindi, kwa sababu kuna sumu inayoingia kwenye unga bila rangi wala harufu. Aflatoxin hutengenezwa na kuvu kwenye mahindi na njugu zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 ililipuka Makueni, Kitui na Machakos: watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa ini kushindwa. Hiyo ni dozi kubwa. Dozi ndogo ya kila siku huleta saratani ya ini miaka mingi baadaye, na kwa mwenye homa ya ini aina ya B hatari hizo mbili huzidishana. Kuichemsha hakuiui, ugali uliosongwa nusu saa bado unayo. Kikomo cha Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo, na Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga kwa kukivuka.

Kama mnanunua unga wa pakiti, mna faida moja: tangu 2012 sheria inautaka uongezwe madini ya chuma, zinki na vitamini. Kama mnanunua mahindi kwa gorogoro na kupeleka posho mill, yachambueni kwanza juu ya ungo kwenye mwanga wa jua. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu au zilizovunjika ndizo zenye sumu nyingi, na kuzitupa kunapunguza sehemu kubwa. Usimpe kuku, sumu hurudi na mayai. Kukoboa nako kunapunguza, ingawa unapoteza nyuzinyuzi. Kwa mahindi ambayo hujui yalikotoka, mimi ningekoboa. Unyevu unapimika bila mashine: tia mahindi theluthi moja ya chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15; yaanikwe juu ya turubai hadi isinate. Kiwango salama cha kuhifadhi ni 13.5.

Mtoto ana chanjo ya homa ya ini B ndani ya ile ya pamoja inayotolewa tangu 2001. Baba yako hana, na kipimo chake ni tone la damu.

Kwa mtoto wa miezi kumi sheria zote za juu zinabadilika. Yeye hana haja ya kupunguza chochote isipokuwa chumvi na sukari, ambazo asipewe kabisa. Tatizo la Nairobi kwa umri huu ni uji. Uji unaonyweka kwa kikombe ni maji yenye rangi: tumbo lake ni dogo, linajaa kabla hajapata nguvu. Uwe mzito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila kumwagika ukikiinamisha. Anyonye aendelee, na juu yake ale mara tatu hadi nne kwa siku, kila mara nusu ya bakuli la mililita 250, pamoja na kitafunio kimoja au viwili kama ndizi au parachichi. Viazi vilivyopondwa na ndengu, yai, omena iliyokaushwa ikatwangwa na kuchekechwa, kijiko cha mafuta ndani ya mboga ili vitamini A ishike. Ile poda ya uji yenye nafaka, njugu, omena na soya vyote pamoja siipendi: njugu moja mbovu inachafua mfuko mzima, omena huharibika haraka, na hujui kilichomdhuru akipata mzio. Weka unga wa nafaka moja au mbili, vingine vitie wakati wa kupika. Asali asionje hadi atimize mwaka.

Mkono wake upimwe kwa utepe kliniki kila mwezi. Chini ya sentimita 12.5 anahitaji msaada wa lishe. Chini ya 11.5 ni dharura, hata kama anacheza. Akihara, kinachoua ni kukaukiwa maji. Mpe ORS na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, mnyonyeshe zaidi na usimnyime chakula. Ukikosa pakiti usiku: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi hapo utamdhuru. Damu kwenye choo, macho yaliyoingia ndani, au kushindwa kunyonya ni safari ya hospitali bila kungoja kukuche. Na kwa kuwa maji ya mtaani huja kwa zamu na kukaa kwenye mitungi, yachemshe hadi yatokote, yawekwe kwenye chombo chenye bomba au mdomo mwembamba. Kikombe kinachochovywa na kila mtu hurudisha ulichokichemsha.

Sahani na kikombe cha ndugu yako virudisheni kabatini pamoja na vingine. TB husafiri kwa hewa, mtu anapokohoa, kuimba au kuongea. Haipiti kwenye sahani, wala kwenye nguo. Kumtenga kwa vyombo kunamvunja moyo bila kumlinda yeyote, na mgonjwa aliyevunjika moyo ndiye anayeacha dawa mwezi wa pili. Kinachosaidia ni dirisha lililofunguliwa mchana na usiku, alale chumba tofauti na mtoto kwa wiki za mwanzo ikiwezekana, na akohoe ndani ya kitambaa. Mkojo wake utakuwa na rangi ya machungwa. Ni dawa, msiogope.

Kwake chakula ni sehemu ya tiba. Utapiamlo ni miongoni mwa mambo makubwa yanayoiamsha TB iliyolala mwilini. Uchunguzi uliofanywa jimbo la Jharkhand, India, na kuchapishwa 2023 uliwapa familia za wagonjwa vikapu vya chakula, na waliokuwa wakiishi na mgonjwa wakaugua TB pungufu kwa karibu asilimia 40. Wagonjwa walioongeza uzito mapema walikufa wachache zaidi. Mpimeni sasa na tena baada ya miezi miwili. Kama ana kilo 52, angalau ziwe 54.6, yaani nyongeza ya asilimia 5. Mayai, maziwa, maharagwe, njugu zilizochambuliwa, na ugali mkubwa apewe yeye. Nyumba moja, sufuria moja, sahani tatu tofauti.

Siku yake ya kliniki nendeni wote. Mtoto chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa huchunguzwa, na akikutwa hana TB hupewa dawa za kuizuia. Ndugu yako apimwe virusi vya UKIMWI kama hajapimwa. Na mzee msimwache nyumbani: kisukari huongeza uwezekano wa kuugua TB karibu mara tatu, kwa hiyo asiondoke hapo bila kupimwa sukari, presha na kifua.